Laini mbili za intaneti, ruta moja: mwongozo kamili wa kugawa mzigo kwa MikroTik

Mama mmoja mwenye stationery Moshi, jirani na chuo, alikuwa akilipia laini mbili za intaneti kila mwezi: faiba ya 20 Mbps na modemu ya 4G inayompa kama 10. Kijana aliyemfungia alizichomeka zote mbili, akachukua chake, akaondoka. Ikafika siku ya mwisho ya maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Saa nane mchana katapila lililokuwa likichimba mtaro barabarani likakata faiba. Modemu ya 4G ilikuwa pale ukutani inawaka taa zake zote za kijani, lakini kompyuta 12 hazikufungua hata ukurasa mmoja. Binti aliyekuwa ameshapakia vyeti vyake, amebakiza kubonyeza tu kitufe cha kutuma, alikaa akitazama duara likizunguka kwenye skrini mpaka duka likafungwa.

Kesho yake nilipofika, mama hakunisalimia kwa kirefu. "Fundi, kama nalipia mbili, kwa nini imekatika moja tukakosa zote?"

Jibu fupi ni kwamba hakuna aliyeiambia ruta kuwa ina njia mbili, wala jinsi ya kutambua kwamba njia moja imekufa. Jibu refu ni mwongozo huu. Nitatumia ruta ya MikroTik kwa sababu ndiyo ninayofunga kila siku. Ni vifaa vya kampuni ya Latvia, bei yake inashikika, na hata kile kidogo kabisa chenye poti 5 kinaifanya kazi hii vizuri. Amri nitakazotoa ni za RouterOS, programu inayoendesha ruta hizi, toleo la 7. Kama ruta yako bado iko toleo la 6, ipandishe kwanza, maana amri za njia zimebadilika na ukichanganya utapoteza siku nzima.

Kwanza tuelewane kinachogawanywa

Wateja wengi huniambia: "Nina 20 na 10, niunganishie nipate 30." Kwa mtu mmoja anayepakua faili moja, haitakuwa 30. Faili hilo litapita laini moja tu, na kasi yake ni ya laini hiyo.

Fikiria karani wa stendi mwenye mabasi mawili. Anaweza kuamua abiria huyu apande lipi, lakini abiria akishapanda, hawezi kumshusha njiani na kumhamishia basi la pili. Ruta nayo hugawa miunganisho. Kila kompyuta inapofungua tovuti, huanzisha miunganisho kadhaa, na ruta huchagua kila mmoja upite wapi. Ukishaanza kwenye faiba, humalizikia kwenye faiba. Sababu ni NAT, yaani ruta kubadilisha anwani za kompyuta za ndani ziwe anwani ya laini: seva ya upande wa pili inakutambua kwa anwani ya laini uliyotokea. Nusu ya pakiti (vipande vya data) zikija na anwani ya faiba na nusu na ya 4G, kwake hao ni watu wawili tofauti, na pakiti za huyo wa pili atazitupa.

Kwa hiyo faida inaonekana penye watu wengi. Duka la kompyuta 12, ofisi, hosteli, nyumba ya wageni, shule: hapo jumla ya 20 na 10 inakaribia kweli 30, maana miunganisho ni mamia kwa wakati mmoja. Ukiwa peke yako nyumbani na kompyuta moja, kinachokufaa ni laini ya pili ya akiba, na hatua ya 5 hapa chini waweza kuiruka.

Kuna kisa kingine cha kutogawa. Kama 4G yako inatumia bando la GB chache, usiiweke kwenye mgao. Kompyuta moja ikianza kusasisha Windows itakumalizia bando kabla ya saa sita mchana, na faiba ikikatika jioni hutakuwa na kitu. Laini yenye bando dogo ibaki akiba.

Laini zisizokufa pamoja

Kabla ya kugusa ruta, tazama laini zenyewe. Nimeona ofisi inayolipia faiba za kampuni mbili, na waya zote mbili zinaning'inia kwenye nguzo moja. Lori likigonga nguzo hiyo, zote zimekwenda. Afadhali faiba moja na 4G, au faiba na redio ya paani, kuliko faiba mbili za mtaro mmoja. Umeme nao usisahau: modemu mbili, ruta na swichi viwe kwenye UPS. Laini nzima kwenye modemu iliyozimika haina kazi.

Tena kuna hatari iliyo mbali na macho. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani kwa wakati mmoja. Siku ile hata mwenye laini tatu za kampuni tatu za hapa nyumbani aliumia, kwa kuwa kampuni hizo zilikuwa zinategemea kebo zilezile. Huwezi kuyazuia hayo kwa ruta, ila unaweza kuuliza kabla ya kusaini mkataba: "Trafiki yenu inatoka nchini kwa njia gani, na ikikatika mnahamia wapi?" Mtoa huduma anayejua kazi yake atakujibu. Wewe mwenyewe piga `/tool traceroute 9.9.9.9` kwa kila laini kwa zamu, ulinganishe vituo vinavyopitiwa.

Maandalizi

Pima kila laini peke yake. Chomoa moja, pima nyingine mara tatu: asubuhi, mchana, na kati ya saa mbili na saa nne usiku, kila mtu anapokuwa mtandaoni. Andika kasi ya saa mbaya kabisa, maana hiyo ndiyo utakayogawia. Karatasi ya mkataba inaweza kusema 20 na usiku ukapata 12.

Kisha ingia kwenye modemu zote mbili ufanye mambo mawili. La kwanza, hakikisha anwani zao hazifanani. Modemu nyingi hutoka kiwandani na 192.168.1.1, na zikiwa na anwani moja ruta haitajua ipi ni ipi. Mimi huacha ya faiba kwenye 192.168.1.1 na ya 4G naibadilisha iwe 192.168.2.1. La pili, zima Wi-Fi ya modemu. Usipoizima, watu wataendelea kujiunga nayo moja kwa moja kama walivyozoea, wakipita nje ya ruta yako, na mgao wote utakuwa wa bure.

Ruta yenyewe nachukulia ina mipangilio ya kiwandani: ether1 ni ya kutokea nje, poti zilizobaki ziko kwenye daraja linaloitwa bridge, na mtandao wa ndani ni 192.168.88.0/24. Chomeka kompyuta yako poti ya 3, si ya 2, kwa sababu ya 2 tutaiondoa kwenye daraja. Hifadhi hali ya sasa:

```
/export file=kabla
```

Vuta hilo faili ulipeleke kwenye kompyuta. Halafu, ndani ya terminali (dirisha la kuandikia amri), bonyeza Ctrl+X kuingia hali salama. Ukikosea ukajifungia nje, ruta itarudisha kila kitu yenyewe. Ukiridhika, bonyeza Ctrl+X tena kuthibitisha. Fanya hivyo kila baada ya hatua moja au mbili, kwani hali salama haibebi mabadiliko mengi mno.

Hatua ya 1: poti na anwani

```
/ip dhcp-client remove [find interface=ether1]
/interface bridge port remove [find interface=ether2]
/interface list member add list=WAN interface=ether2
/ip address add address=192.168.1.2/24 interface=ether1
/ip address add address=192.168.2.2/24 interface=ether2
```

Tunaondoa DHCP (kupewa anwani na modemu yenyewe) kwenye ether1 kwa sababu huja na njia yake ya kutokea nje, nayo ingegombana na zetu. Kuingiza ether2 kwenye orodha ya WAN (poti za kutokea nje) ni jambo dogo lenye uzito: kanuni za faiawoli na za NAT zilizokuja na ruta zinasoma orodha hiyo. Ukisahau, laini ya 4G haitafanyiwa NAT, na wala haitalindwa ipasavyo.

Kama faiba yako inaingia kwa jina na nywila ya PPPoE ndani ya ruta, popote nilipoandika ether1 kwenye mwongozo huu, isipokuwa mstari wa kuondoa DHCP, weka pppoe-out1, nayo iingize kwenye orodha ya WAN, na penye lango 192.168.1.1 weka pppoe-out1 vilevile. Anwani ya 192.168.1.2 usiiweke, na kwenye PPPoE hakikisha ruta haijiongezei njia yake ya kutokea nje.

Hatua ya 2: DNS

```
/ip dns set servers=9.9.9.9,1.0.0.1 allow-remote-requests=yes
```

Usitumie DNS (seva zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) za mtoa huduma mmoja, kwa kuwa nyingi hukataa maswali yanayotoka kwenye laini ya kampuni nyingine. Angalia pia kwamba sikuweka 1.1.1.1 wala 8.8.8.8. Hizo mbili nimezitengea kazi nyingine katika hatua ya 4, na kila moja itafungwa kwenye laini moja. Ruta ikizitumia kwa DNS, laini ikifa nayo DNS inakufa.

Hatua ya 3: zima njia ya mkato

```
/ip firewall filter disable [find action=fasttrack-connection]
```

Ruta hizi huja na kanuni inayopitisha pakiti haraka bila kuzikagua. Ni nzuri kwa laini moja. Hapa inaruka alama tutakazoweka kwenye hatua ya 5 ili kugawa miunganisho, na matokeo yake ni ya kuchosha: tovuti zinafunguka nusu, picha zinagoma, mara inakaa sawa, mara haikai. Nimekwenda kwa wateja wawili tofauti waliohangaika wiki nzima, na kosa lilikuwa mstari huu mmoja. Kuizima kunaongeza kazi ya prosesa, lakini kwa laini za 20 na 10 hata ruta ndogo haihisi.

Hatua ya 4: njia, na namna ya kujua laini imekufa

Hapa ndipo duka la mama lilipoangukia. Watu wengi huiambia ruta ipime lango, yaani modemu. Lakini faiba ikikatwa barabarani, modemu bado iko hai ukutani na inajibu ping, ile pakiti ya kuuliza kama upo, vizuri sana. Ruta inaona kila kitu kizima na inaendelea kumwaga wateja kwenye shimo. Inabidi ipime kitu kilicho mbali, ng'ambo ya sehemu inayokatika.

Kwa hiyo tunachagua anwani mbili za nje zinazojibu karibu daima. Ya 1.1.1.1 tunaifunga ipitie faiba tu, na 8.8.8.8 ipitie 4G tu. Kisha tunaiambia ruta kuwa njia ya dunia nzima kupitia faiba inategemea 1.1.1.1 kuonekana.

```
/routing table add name=kwa_faiba fib
/routing table add name=kwa_4g fib

/ip route
add dst-address=1.1.1.1/32 gateway=192.168.1.1 scope=10
add dst-address=8.8.8.8/32 gateway=192.168.2.1 scope=10

add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=1.1.1.1 routing-table=kwa_faiba distance=1 target-scope=11 check-gateway=ping
add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=8.8.8.8 routing-table=kwa_faiba distance=2 target-scope=11 check-gateway=ping

add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=8.8.8.8 routing-table=kwa_4g distance=1 target-scope=11 check-gateway=ping
add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=1.1.1.1 routing-table=kwa_4g distance=2 target-scope=11 check-gateway=ping

add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=1.1.1.1 distance=1 target-scope=11 check-gateway=ping
add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=8.8.8.8 distance=2 target-scope=11 check-gateway=ping
```

Soma mistari hiyo taratibu. Kuna majedwali matatu: la waliopangiwa faiba, la waliopangiwa 4G, na lile kuu ambalo ruta yenyewe hulitumia. Kila jedwali lina njia mbili. Yenye distance ndogo hutangulia. Ikifa, ya pili inashika. Ruta hutuma ping kila sekunde 10, na zikikosa jibu mara mbili mfululizo inahesabu njia imekufa. Maana yake kuhama huchukua kama sekunde 20, wakati mwingine zaidi kidogo. Waambie watu wa ofisini mapema, wasikimbilie kuzima na kuwasha modemu kabla ya hapo.

Kagua kwa `/ip route print`. Njia inayotumika ina herufi A. Kama zile za distance=1 hazina A, hakikisha kwanza kwamba hukukosea scope na target-scope. Target-scope isipokuwa kubwa kuliko scope ya zile mbili za juu, ruta inaweza kukataa kuiona 1.1.1.1 kama lango.

Ukitaka laini ya pili iwe akiba tu, umemaliza. Jedwali kuu linatosha. Yale mawili na hatua ya 5 huyahitaji.

Hatua ya 5: kuwapangia abiria mabasi

Sasa mgao. MikroTik ina kanuni iitwayo PCC. Inachukua anwani ya anayetoka na ya anakokwenda, inazigeuza kuwa namba, inaigawanya namba hiyo, kisha inatazama kilichobaki. Ni hesabu ya shule ya msingi. Ukigawa kwa 3, kinabaki 0, 1 au 2. Faiba yetu ina kasi mara mbili ya 4G, kwa hiyo wenye baki 0 na 1 wanapanda faiba, wenye 2 wanapanda 4G. Vipimo vyako vikionyesha 16 na 4, gawa kwa 5: mafungu manne faiba, moja 4G.

```
/ip firewall mangle
add chain=prerouting in-interface=bridge dst-address=192.168.1.0/24 action=accept
add chain=prerouting in-interface=bridge dst-address=192.168.2.0/24 action=accept

add chain=prerouting in-interface=ether1 connection-mark=no-mark action=mark-connection new-connection-mark=c_faiba
add chain=prerouting in-interface=ether2 connection-mark=no-mark action=mark-connection new-connection-mark=c_4g

add chain=prerouting in-interface=bridge connection-mark=no-mark dst-address-type=!local per-connection-classifier=both-addresses:3/0 action=mark-connection new-connection-mark=c_faiba
add chain=prerouting in-interface=bridge connection-mark=no-mark dst-address-type=!local per-connection-classifier=both-addresses:3/1 action=mark-connection new-connection-mark=c_faiba
add chain=prerouting in-interface=bridge connection-mark=no-mark dst-address-type=!local per-connection-classifier=both-addresses:3/2 action=mark-connection new-connection-mark=c_4g

add chain=prerouting in-interface=bridge connection-mark=c_faiba action=mark-routing new-routing-mark=kwa_faiba passthrough=no
add chain=prerouting in-interface=bridge connection-mark=c_4g action=mark-routing new-routing-mark=kwa_4g passthrough=no
```

Mistari miwili ya kwanza inakuachia uingie kwenye kurasa za modemu ukiwa ndani. Inayofuata miwili inahakikisha kilichoingia kwa laini moja, tuseme mtu anayetazama kamera zako akiwa nje, kinajibiwa kwa laini ileile. Kisha mgao wenyewe, na mwisho kila alama inapelekwa kwenye jedwali lake. Mpangilio una maana. Ruta inasoma kutoka juu kwenda chini. Kama una mitandao mingine ya ndani, iongezee mistari ya accept pale juu. Na kama una anwani ya umma na unaingia kwenye ruta yenyewe kutoka nje kwa VPN, utahitaji pia kanuni za alama kwenye chain=output.

Mhasibu anayetolewa nje na benki

Wiki moja baada ya kufunga mgao, simu hii lazima ipigwe: "Nikiingia kwenye mfumo wa benki, nikifika kwenye malipo unanitoa." Nilikaa pembeni ya mhasibu mmoja nikiangalia. Anaingiza jina, nywila, namba ya siri iliyokuja kwa SMS. Ukurasa wa salio unafunguka. Akibonyeza malipo ya mishahara, anarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia. Mara tatu mfululizo, na ilikuwa tarehe 28.

Kilichotokea ni kwamba ukurasa wa kuingia uko kwenye seva moja na wa malipo kwenye seva nyingine. PCC imehesabu, baki zikatofautiana, seva ya pili ikaona mtu mwenye anwani mpya anadai ameshaingia. Ikamtoa, na ilikuwa na haki ya kufanya hivyo.

Dawa ziko mbili. Kwa ofisi ya watu wengi, badilisha both-addresses iwe src-address kwenye kanuni zote tatu. Hapo kila kompyuta inabaki kwenye laini moja kwa safari zake zote. Mgao unakuwa mbaya kidogo, kwani mtu mmoja anayetazama video nyingi anaweza kuielemea laini yake, lakini watu wakiwa zaidi ya 20 tofauti hiyo huioni. Kwa mahali pa watu wachache, acha both-addresses ila mfunge mhasibu kwenye faiba kwa mstari mmoja:

```
/ip firewall mangle add chain=prerouting in-interface=bridge src-address=192.168.88.10 connection-mark=no-mark dst-address-type=!local action=mark-connection new-connection-mark=c_faiba place-before=[find per-connection-classifier="both-addresses:3/0"]
```

Kama place-before itagoma, ongeza kanuni bila hiyo kisha iburute juu ya zile za PCC ndani ya Winbox, programu ya kusimamia ruta hizi kwenye kompyuta. Kompyuta yake uipe anwani ya kudumu kwenye DHCP. Faiba ikifa, naye atahamia 4G kama wengine, kwa kuwa jedwali la kwa_faiba lina njia ya pili.

Miunganisho iliyoganda

Hili nililijua kwa kuumia. Njia ikihama, miunganisho mipya inakwenda vizuri, lakini ile iliyokuwa njiani bado inakumbukwa na ruta ikiwa na anwani ya laini iliyokufa. Ukichomoa waya kwenye ether1 ruta huifuta yenyewe, maana poti imezimika. Ila faiba ikikatika nje, poti bado inawaka, kwa hiyo hakuna kinachofutwa. Simu za intaneti na VPN ndizo zinazoganda zaidi, kwa sababu zinaendelea kutuma pakiti na kuufanya muunganisho mfu uonekane hai. Faiba ikirudi, tatizo linajirudia kwa upande wa pili. Dawa ni kuiambia ruta ifute miunganisho ya laini husika kila laini hiyo inapokufa au kurudi:

```
/tool netwatch
add host=1.1.1.1 interval=10s down-script=":delay 20s; /ip firewall connection remove [find connection-mark=c_faiba]" up-script=":delay 20s; /ip firewall connection remove [find connection-mark=c_faiba]"
add host=8.8.8.8 interval=10s down-script=":delay 20s; /ip firewall connection remove [find connection-mark=c_4g]" up-script=":delay 20s; /ip firewall connection remove [find connection-mark=c_4g]"
```

Sekunde 20 za kusubiri zipo kwa makusudi. Ukifuta kabla njia haijahama, miunganisho itazaliwa upya kwenye laini ileile iliyokufa.

Kuhusu IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti: usiigawe kwenye mtandao wa ndani mpaka uwe umepanga mgao wake pekee. Kompyuta yenye IPv6 huipendelea, na yote tuliyoandika hapa ni ya IPv4.

Kujaribu

Usimkabidhi mteja kazi hii bila kuikata mbele yake. Ukitoka kwenye hali salama, anza na hali ya kawaida: watu watano wafungue video tofauti, kisha tazama

```
/interface monitor-traffic ether1,ether2
```

Zote mbili zionyeshe trafiki, faiba zaidi. Moja ikikaa sifuri, fungua orodha ya mangle uangalie kanuni ipi haihesabu pakiti. Kosa liko hapo au juu yake.

Kisha kwenye kompyuta ya Windows acha `ping -t 9.9.9.9` ikiendelea na ukate faiba. Nasema faiba, si waya wa ether1. Kuchomoa ether1 ni mtihani rahisi ambao hata mpangilio mbovu hufaulu. Nyuma ya modemu kuna waya mwembamba, mara nyingi wa njano, wenye kichwa cha plastiki cha kijani au buluu. Uvute taratibu bila kuukunja, usiguse ncha yake kwa kidole wala kuichungulia kwa jicho. Taa ya LOS itawaka nyekundu. Hiyo ndiyo hali ya katapila barabarani.

Kwenye kompyuta utaona mistari ya kukosa jibu ikijipanga. Hesabu sekunde. Zikizidi dakika moja, rudi hatua ya 4. Majibu yakirudi, fungua tovuti mpya, jaribu simu ya WhatsApp, ingia kwenye mfumo wa benki. Halafu rudisha waya, subiri taa nyekundu izime, uangalie kwamba mambo yanarudi kwenye faiba bila mtu kugusa chochote. Sasa rudia yote kwa kuitoa kadi ya simu kwenye modemu ya 4G, maana watu wengi hujaribu upande mmoja tu. Mwisho, zima ruta na uiwashe, uone kama inaamka na mpangilio wote.

Pale Moshi nilimwita mama aje kwenye kiti cha kompyuta ya kwanza, nikamwonyesha waya wa njano, nikamwambia auvute mwenyewe. Aliogopa kidogo, akauvuta. Kompyuta zote zilisimama, akanitazama. Ping zilirudi baada ya sekunde 24, na ukurasa wa chuo ukafunguka kwa 4G, polepole kuliko kawaida lakini ukafunguka. Akarudisha waya, akauvuta tena.

Karatasi niliyoibandika ndani ya kabati la ruta ina mistari minne: faiba ni poti 1 na 192.168.1.1, 4G ni poti 2 na 192.168.2.1; ikikatika subiri nusu dakika kabla ya kugusa; kila tarehe 1 ya mwezi, kabla ya kufungua duka, vuta waya wa njano ukiwa na ping inaendelea, uandike sekunde hapa chini.